Wapita Ukutani

Kila alipoinua mkono, ukumbi ulimjibu. Akitoa bisibisi mfukoni, mtambo ulikohoa upande wa kushoto. Akijikuna shingo, mtambo wa pili uliitikia, taka-taka-taka, na sauti ya mwanamke mzee ikasema, "Shika uzi huo, usiuache." Alijibana juu ya ngazi, akazuia hata pumzi. Sauti zikafifia moja moja. Kisha pua ikamwasha, akapiga chafya, na kiwanda kizima kikaamka.

"Wewe Sisimizi," Mbunifu alisema kutoka chini, macho hayaondoki kwenye kompyuta yake, "huwezi kutulia hata kidogo?"

Sisimizi alikuwa na mdomo mzito na miguu myepesi, ndivyo alivyozaliwa. Jina hilo alipewa na mjomba wake, fundi redio, kwa sababu hakuwahi kumwona amekaa mahali pamoja muda wa kunywa kikombe cha chai. Mwalimu wa darasa la tano alimwita bibi yake shuleni akalalamika kwamba mtoto huyu ana pilipili kwenye kiti. Bibi akamwambia pilipili hiyo ni ya ukoo, asijisumbue kutafuta aliyeimwaga. Mwaka huohuo bibi aliachishwa kazi kiwandani, Sisimizi akaachishwa shule, na kibanda cha mjomba kikawa ndiyo sekondari yake. Hapo alijifunza kulehemu nyaya nyembamba kuliko unywele bila mkono kutetemeka. Ajabu ilikuwa hiyo: mwili wote ukicheza, vidole vilitulia.

Ukumbi huu zamani ulikuwa banda la kufumia la kiwanda cha nguo. Mitambo iling'olewa ikauzwa chuma chakavu, na sasa jengo limekuwa maktaba. Mbunifu, mwanamke wa makamo mwenye miwani mikubwa na sauti ya upole, alipewa kazi ya kuurudishia ukumbi sauti zake. Hakutaka kaseti inayojiimbia yenyewe. Alitaka mtu apite, na kwa kupita kwake mtambo uamke, akiondoka, ulale. Kwa hiyo walitundika darini vihisio kumi na viwili, kila kimoja duara jeupe kama jicho la samaki aliyepikwa. Jicho hilo huhisi joto la mwili unaotembea, likawasha kidoti chekundu, likapeleka habari kwenye bodi ya umeme, na bodi ikafungua sauti moja kwa sekunde nane. Mwili usipotembea tena, sauti hufa.

Mbunifu alichora, Sisimizi akafunga. Michoro ile yenye maneno mengi hakuisoma sana. Aliitazama kama mtu anavyotazama sura ya jirani, akajua wapi inacheka na wapi imenuna. Nyaya alizitambua kwa mafundo ya nyuzi za rangi.

Sauti za mitambo zilirekodiwa katika kiwanda kingine cha mbali ambacho bado kinafanya kazi. Sauti za watu zilitoka kwa wanawake watano waliofuma humu ujana wao wote. "Shika uzi huo" ilikuwa sauti ya bibi yake Sisimizi. Bibi mwenyewe hakuweza kuisikia. Miaka thelathini ya kusimama kati ya mitambo ilimla masikio, na siku hizi hata redio ikifunguliwa mpaka mwisho yeye huuliza kama umeme umekatika.

Ndiyo maana Sisimizi aliwahi kuomba kitu kimoja. Alikizungusha mdomoni siku tatu kabla hakijatoka: kwamba spika tatu nzito zilazwe chini ya sakafu ya mbao, ziitetemeshe. Mbunifu alimtazama, akakubali bila kuuliza. Jioni hiyo Sisimizi alifika nyumbani akamwambia bibi kwa sauti kubwa, akisaidia na mikono, kwamba siku atakayopita ukumbini, mitambo itamjibu.

"Nani atanijibu?"

"Mitambo, bibi."

Bibi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mke mwenzangu, siku niliyotoka mle hata bawabu hakunijibu kwaheri."

Walimwachisha kazi kwa karatasi iliyobandikwa getini, yenye majina mia mbili. Aliliona jina lake, akakaa hapo getini mpaka jua likazama, huenda mtu angetoka kusema neno. Hakutoka mtu.

Sasa ufunguzi ulikuwa kesho, na leo saa nne asubuhi wale wanawake watano walialikwa kuujaribu ukumbi. Tangu alfajiri Sisimizi alikuwa ameshakimbia kutoka mlango mpaka mlango labda mara arobaini, akihesabu macho yakiwaka. Yote kumi na mawili. Alirudia tena. Yote. Alishuka ngazi, akapanda, akashuka, hakujua anatafuta nini.

Walifika pamoja na Mkuu wa Jengo, mwanamume mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, ambaye tangu mwanzo alikuwa na mashaka. Kwake mambo ya macho darini yalikuwa mapambo ya watu waliosoma sana. Alipenda kusema kwamba swichi haina maringo: ukiibonyeza inawaka.

Bibi alikuwa wa kwanza mlangoni. Alisimama, akautazama ukumbi uliopakwa rangi nyeupe, nguzo zake kumi zikiwa zimebaki palepale. Alikaza nguo yake kiunoni. Wenzake nao wakakaza. Kicheko walichokuja nacho kutoka uani kikakatika, na bila mtu kuamrisha wakajipanga mmoja nyuma ya mwingine, wakaingia.

Ukumbi ulinyamaza.

Walitembea polepole, bega la kulia likikaribia kugusa ukuta, mpaka nguzo ya tatu, ya tano, ya nane. Hakuna kilichokohoa. Nyayo zao tu, na funguo za Mkuu mlangoni. Walipofika mwisho bibi aligeuka, akauliza kwa sauti ya mtu asiyeisikia sauti yake, "Bado hawajawasha?"

Mbunifu alimtazama Sisimizi. Sisimizi akahisi uso umepata moto. Alitoka mbio mpaka katikati ya ukumbi, na mara mitambo yote ikalipuka, ikapiga, ikagonga, sauti za akina mama zikaitana juu ya kichwa chake. Alisimama hapo na aibu yake. Heri zingegoma kwake pia.

"Kumbe ukumbi una macho ya kuchagua," Mkuu alisema. "Unapenda wasichana."

Mbunifu hakucheka. Aliwaendea wazee, akawainamia kwa heshima, akawaomba wapite tena, safari hii katikati. Walikubali kwa vichwa. Walianza vizuri. Hatua tatu katikati, bado hawajafika chini ya jicho. Ya nne wakaanza kupinda. Ya sita wakawa wamesharudi ukutani, kama maji yanavyorudi kwenye mfereji wake. Hakuna aliyejua kwamba amepinda. Mbunifu alipowauliza, yule mfupi kuliko wote alishangaa.

"Katikati ni pa mikanda, mwanangu," alisema. "Mkanda hauna shemeji."

Akaeleza, na wenzake wakadakia. Zamani mikanda ya ngozi ilishuka kutoka darini hadi kwenye kila mtambo, inazunguka kutwa, na kati ya mtambo na mtambo nafasi haikutosha mbuzi. Mwenzao mmoja mkanda ulimshika ncha ya nguo. Hawakumaliza habari hiyo. Tangu siku hiyo kila mmoja alifunzwa na aliyemtangulia: bega ukutani, nguo kiunoni, usikimbie. Na ukifika kwenye mtambo wako, simama. Kutwa nzima, simama.

Mkuu alitazama saa yake. Alisema bila ukali, na hiyo ndiyo iliyouma, kwamba kesho watakuja wageni mia na zaidi, na hawezi kuwasimamisha kwenye ukumbi bubu. Sauti zote ziunganishwe kwenye swichi moja, zilie kuanzia asubuhi hadi jioni, apite mtu asipite. Aliwapa mpaka saa nane kuona kama kuna njia nyingine. Kisha akawakaribisha wazee uani wapate chai.

Mbunifu alibaki amekaa sakafuni, kompyuta mapajani. Alianza kusema peke yake. Huenda waya umelegea. Huenda programu. Kama si hivyo, wataweka vikingi na kamba, watu wote walazimike kupita katikati. Ndiyo, kamba.

Sisimizi alisimama karibu naye, akatazama dari, akatoka nje.

Waya haukulegea. Alijua ni nini. Wiki mbili zilizopita Mbunifu alitaka kila sauti isikike peke yake, isiingiliane na ya jirani. Alimwagiza apunguze upana wa macho. Sisimizi alikata vipande vya tepu nyeusi, akavibandika upande huu na huu wa kila jicho, mpaka jicho likawa linaona ukanda mwembamba wa katikati tu. Kisha akapunguza makali yake, ili ndege anayeingia dirishani asiamshe kiwanda. Kila alipobandika tepu alishuka akakimbia chini yake, na likawaka. Alikimbia! Mtu mwenye pilipili kwenye kiti ndiye aliyeupimia ukumbi wapitaji wake. Bibi amelala naye chumba kimoja tangu utoto, na hata siku moja Sisimizi hakukumbuka kujiuliza bibi anatembeaje.

Uani wazee walikuwa wamekaa kwenye benchi, wanazungumza kwa mikono, kama walivyozoea mitambo ikinguruma. Vidole viwili shavuni ilikuwa msimamizi. Ngumi tumboni ilikuwa njaa. Walikuwa wanamsengenya Mkuu mbele ya macho yake, naye anawatabasamia. Bibi alimwona mjukuu wake akizunguka pipa la maji, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Akainua kidevu: nini?

Sisimizi alijigusa kifua kwa kidole. Mimi. Akaonyesha dari, akafanya kama anabandika kitu jichoni. Mimi ndiye.

Bibi alimeza chai iliyokuwa mdomoni. Yeye mikono ilimtosha kwa kuuliza, lakini kwa kujibu alitumia koo, na koo lake halikujua kunong'ona.

"Basi kamwambie!" sauti ikajaa ua mzima. "Unaniambia mimi, mimi ndiye mwenye kompyuta?"

Bawabu aligeuka. Mkuu aligeuka. Hapakuwa tena na mahali pa kujificha, kwa hiyo Sisimizi alirudi ndani.

"Ni tepu," aliiambia sakafu. "Niliuondoa ukuta. Macho hayaoni ukuta. Na tuliupima kwa miguu yangu."

Mbunifu alivua miwani. Alisugua alama mbili puani. "Tepu niliiagiza mimi," alisema.

"Ndiyo, dada. Lakini mkono ulikuwa wangu."

"Tukibandua, sauti zitaingiliana. Kila moja itamfunika mwenzake. Nimekaa mwaka mzima nikizitenganisha, Sisimizi."

Sisimizi alimshika Mbunifu mkono, jambo ambalo hajawahi kufanya, akamvuta mpaka pembe ya mwisho, nyuma ya mlango wa chuma, ambako wapaka rangi walifanya uvivu. Hapo ukuta wa zamani ulikuwa bado wazi, wa kijivu na wenye chembechembe. Lakini kwenye kimo cha bega palikuwa na mstari mpana kama kiganja, laini, unaong'aa kama jiwe la mtoni. Sisimizi aliuona siku ya kwanza akadhani ni unyevu.

Mbunifu alipitisha kiganja juu yake, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Saa tano na nusu."

"Niambie unataka nini."

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo juu ya ngazi wala chini yake. Alitaka macho sita yashuke kutoka darini yakae ukutani, kwenye kimo cha ule mstari. Ukuta tayari ulikuwa na matundu ya bolti za zamani, yamezibwa kwa plasta tu. Angeyafungua, jicho lingeingia humo bila kutokeza. Sita yabaki darini bila tepu. Makali yarudishwe mpaka mwisho, na ndege wakitaka kufuma, wafume.

Walianza kazi. Mbunifu alishika ngazi, akampa skrubu, akaokota alizoangusha. Nyaya za darini hazikufika chini. Sisimizi alizirefusha moja moja, akizisokota na kuzilehemu akiwa amepiga magoti, moshi wa risasi ukimwingia machoni. Alijiunguza kidole gumba, akakilamba, akaendelea. Miguu ilimtekenya, ilitaka kukimbia kwenda kuangalia saa ya mlangoni, na kila mara aliirudisha chini ya mapaja akaikalia. Jicho la kwanza. La pili. Tundu la tatu lilikuwa na mzizi wa bolti ndani, akaupiga kwa nyundo mpaka ukatoka na vumbi jekundu la kutu.

Alipofunga la sita ilibaki robo saa. Ilimpasa kupima. Aliweka bega ukutani akaanza kutembea kama bibi, na hapo ndipo alipogundua kwamba hawezi. Hatua mbili taratibu, ya tatu ikamponyoka. Alirudi mwanzo. Akaponyoka tena. Macho yaliwaka, lakini kwa mwendo usiokuwa wa bibi. Mbunifu alimtazama, naye akajaribu, lakini yeye alikuwa na mwendo wa mtu anayechelewa mkutano. Walikuwa bado wanasukumana na ukuta waliposikia funguo.

"Vipi, kamba au swichi?" Mkuu aliuliza.

"Waache wapite," Mbunifu alisema.

Mkuu alikwenda kusimama kando ya kisanduku cha umeme, kidole gumba kikiwa tayari juu ya kitufe cha kuwashia sauti zote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wageni mia kesho.

Wazee waliingia. Nguo kiunoni, bega ukutani. Sisimizi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, kwa sababu aliogopa joto lake mwenyewe lisije likadanganya jicho. Bibi alilipita la kwanza. Kimya. Bibi akaweka mguu mwingine, na kutoka chini kabisa mtambo ukakohoa, ukavuta pumzi, ukaanza kupiga.

Nyuma yake la pili likashika, kisha la tatu, kisha sauti zikaacha kuhesabika. Ziliingiliana kweli, zikakanyagana, mwanamke akisema shika akafunikwa na mwanamke anayecheka, na yule mfupi alijiziba mdomo aliposikia sauti yake mwenyewe ikiita jina la marehemu fulani. Mbunifu alikunja uso kama mtu aliyeonja ndimu. Kisha uso ukakunjuka, ukabaki unasikiliza.

Bibi alisimama. Alivua kiatu cha mguu wa kushoto, akakiweka pembeni kwa adabu, akakanyaga mbao kwa unyayo mtupu. Akakaa hivyo, kichwa ameinamisha. Kisha akavua cha pili na kuendelea, polepole zaidi, mpaka nguzo ya saba. Hapo akageuka, akaupa ukuta mgongo, akautazama ukumbi. Wenzake nao kila mmoja alikuwa ameshafika ulipokuwa mtambo wake. Walisimama, kama walivyosimama miaka yote.

Na kwa kuwa walisimama, mitambo ikaanza kufa. Wa mlangoni kwanza. Kisha wa katikati. Mtetemo ukatoka kwenye mbao kama maji yanavyokauka juu ya mwamba, na kimya kikarejea, kizito kuliko cha asubuhi.

Mkuu alimtazama Mbunifu. Kidole gumba kilikuwa palepale.

Sisimizi alijua dawa. Hatua moja mbele, au kupunga mkono tu, na kiwanda chote kingeruka. Magoti yalimwasha. Vidole vya miguu vilicheza ndani ya viatu. Alifunga mikono nyuma ya mgongo, akaikaza, akasimama, na hakukumbuka tangu azaliwe kama aliwahi kusimama namna ile.

Bibi hakuwaona. Macho yake yalikuwa mahali kwenye hewa, hatua moja mbele ya kifua. Mkono wake wa kulia ulipanda taratibu, vidole viwili na gumba vikashika kitu chembamba kisichokuwepo, vikakivuta, vikakitafutia mwenzake aliyekatika. Ukutani, nyuma ya bega lake, kidoti chekundu kikawaka. Alisokota mara moja, akakaza fundo, akainamisha kichwa kama anayetaka kulikata kwa meno.